Kuanza Tena Baada ya Kulegea: Mazoezi, Ari na Majira ya Mwaka Katika Uwanda wa Ufipa

Katika uwanda wa Ufipa, mwili wa mtu hufuata majira. Mvua zinapoanza mwezi Novemba, mkulima wa Laela, Kaengesa au Matai hutembea, huinama, hulima na kupalilia kwa saa nyingi kila siku. Mahindi yakishaingia ghalani, kazi ya shamba hupungua ghafla. Miezi inayofuata, hadi Oktoba, ni ya upepo na ukavu, ya harusi na kutembeleana, ya chakula kingi na, kwa baadhi ya nyumba, ya pombe ya ulezi. Mjini Sumbawanga mambo huenda kinyume. Mwalimu, karani au mfanyabiashara aliyejiwekea utaratibu wa kutembea jioni huumudu vizuri wakati wa kiangazi, kisha matope, radi na mvua za alasiri humrudisha ndani kuanzia Desemba hadi Aprili.

Kwa hiyo wa shamba na wa mjini, kila mmoja ana miezi yake ya kulegea. Kwa mtu mwenye afya njema, hasara ya miezi hiyo huonekana kwenye mkanda wa suruali na kwenye pumzi inayokatika mlimani. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu au kisukari, hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mazoezi ni nadra kuondoka peke yake. Anayeacha kutembea mara nyingi huanza pia kuongeza chumvi, kurudia soda na pombe, na kuruka dozi za dawa. Baadaye huona aibu kwenda kliniki, kwa kuwa anajua atapimwa uzito na kuulizwa. Tarehe ya kliniki hupita, dawa huisha, na safari yake inayofuata hospitalini inaweza kuwa ya kuletwa akiwa amepata kiharusi.

Njia kutoka kwenye kulegea hadi kwenye hatari hiyo ina vituo vingi, na katika kila kituo mtu anaweza kugeuka na kurudi. Makala haya yanaeleza kinachoutokea mwili mazoezi yanapokoma, sababu za ari kupotea, na jinsi mgonjwa na mhudumu wa afya wanavyoweza kuanza tena pamoja.

Ukubwa wa jambo

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionesha kuwa takriban asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Takwimu hizo zilisaidia kuondoa dhana kwamba maradhi haya ni ya matajiri wa mijini pekee.

Namna mazingira yanavyoubadili mwili imechunguzwa pia hapa nchini. Watafiti waliwafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Mkoa wa Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wakifanya kazi nzito za mwili. Mwaka mmoja baada ya kuhama, waliobaki na kazi za namna hiyo walikuwa takriban robo tu. Kwa wastani, wanaume na wanawake waliongezeka zaidi ya kilo 2. Watu hao hawakuwa wamegeuka wavivu ndani ya miezi 12. Maisha yaliyokuwa yakiwalazimisha kutembea na kubeba ndiyo yaliyobadilika.

Sumbawanga nayo inabadilika. Barabara ya lami kutoka Tunduma imeuleta mji karibu na masoko, na bodaboda zimechukua safari ambazo zamani zilifanywa kwa miguu au kwa baiskeli. Haya ni maendeleo, na hakuna wa kuyajutia. Hata hivyo, mwendo uliokuwa ukipatikana bila kufikiriwa sasa hauna budi kutafutwa kwa makusudi.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alielekeza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini kote. Maelekezo hayo yamewatoa watu wengi nje, wakiwemo watumishi wanaokusanyika viwanjani na kukimbia pamoja barabarani. Siku moja kwa mwezi ni mwito mzuri wa kuanza, lakini haiwezi kuwa dozi kamili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Mwongozo huo unahesabu kila mwendo: kulima, kuteka maji, kupanda baiskeli na kutembea kwenda sokoni vyote vimo.

Mwili hupoteza nini, na hurudisha nini

Mazoezi yanapokoma, kitu cha kwanza kupungua ni maji ya damu. Ndani ya wiki moja au mbili ujazo wa damu hushuka, moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo, na hulazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ileile. Ndiyo maana mtu aliyepumzika wiki 3 hushangaa kuona kilima alichokizoea kikimtoa jasho. Baadaye hupungua uwezo wa misuli kutumia oksijeni. Katika utafiti wa mwaka 1984 uliofanywa kwa wanamichezo walioacha mazoezi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika siku 21 za kwanza, na kufikia asilimia 16 baada ya siku 56. Kushuka kulikuwa kwa haraka mwanzoni, kisha kukapungua kasi.

Faida za mazoezi kwa mgonjwa nazo zina muda wake. Baada ya kutembea kwa kasi, misuli hupokea sukari kutoka kwenye damu kwa wepesi zaidi kwa muda wa siku moja hadi mbili. Shinikizo la damu hushuka kwa saa kadhaa. Mazoezi ya mara kwa mara huweza kuishusha namba ya juu ya shinikizo la damu kwa vipimo 5 hadi 8 kwa mwenye tatizo hilo. Akiacha, faida hiyo humtoka ndani ya wiki chache, hata kama uzito wake haujabadilika.

Habari njema ni kwamba njia ya kurudi ipo, hata baada ya miaka mingi. Mwaka 1966, huko Dallas nchini Marekani, vijana 5 wenye umri wa miaka 20 walikubali kulala kitandani kwa wiki 3 kwa ajili ya utafiti. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye, watafiti waliwapima tena watu walewale 5, sasa wakiwa na umri wa miaka 50 na uzito ulioongezeka kwa takriban robo. Ilionekana kwamba wiki 3 za kulala kitandani katika ujana ziliwadhuru zaidi kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kisha walifanya mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli kwa miezi 6, wakianza kidogo na kuongeza taratibu. Mwishoni uwezo wao wa kutumia oksijeni ulirudi pale ulipokuwa walipokuwa vijana, kabla ya kulazwa. Uzito wao haukurudi ulipokuwa, lakini mioyo na misuli yao ilikuwa imefaidika.

Walikuwa watu 5 tu, wote wanaume, hivyo matokeo yao hayawezi kuwa ahadi kwa kila mtu. Yanachothibitisha ni kwamba mwili wa mtu wa makamo bado huitikia mazoezi, na kwamba mizani ya uzito peke yake haifai kuwa hakimu wa maendeleo. Mwenye kurudi afuatilie pia pumzi yake mlimani, usingizi wake, kipimo cha shinikizo la damu na kipimo cha sukari.

Kwa mkazi wa Sumbawanga kuna jambo moja la kuongeza. Mji upo kwenye mwinuko wa takriban meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Pwani. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, au mtu aliyepanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa au mwambao wa Ziwa Tanganyika, atachoka mapema zaidi katika siku za mwanzo. Apunguze mwendo na kuupa mwili wiki kadhaa za kuzoea kabla ya kuhukumu kwamba amezeeka.

Kwa nini ari hupotea

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Wanasaikolojia wamefikia hekima hiyohiyo kwa njia ya utafiti. Mwaka 1985 Alan Marlatt na Judith Gordon, waliokuwa wakichunguza watu walioacha pombe kisha wakairudia, walitofautisha kuteleza mara moja na kurudia mazoea ya zamani kabisa. Walibaini kwamba kinachomfikisha mtu kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili mara nyingi ni tafsiri anayoitoa juu ya kosa lake. Anayesema "leo nimekunywa, nitatafuta sababu yake" ana nafasi kubwa ya kusimama. Anayesema "mimi ni dhaifu, kila kitu kimeharibika" huendelea kunywa, kwa kuwa haoni tena cha kulinda.

Ndivyo ilivyo kwa mazoezi na chakula. Mtu hukosa kutembea siku 3 kwa sababu ya msiba au mafua, akajiona amevunja nadhiri, na siku 3 zikawa miezi 3. Siku 3 zenyewe hazikumdhuru. Aliyemdhuru ni yule hakimu aliyemo moyoni mwake.

Utafiti mwingine, uliochapishwa na Phillippa Lally na wenzake wa London, uliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia moja mpya ya kila siku, kama vile kutembea baada ya chakula. Muda wa tabia kuwa mazoea ulitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi siku 254, na mtu wa katikati alihitaji siku 66. Jambo la faraja zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia hiyo. Kwa hiyo anayejiambia kwamba wiki 3 zinatosha hujiwekea mtego, na anayedhani kwamba siku moja iliyokosekana imebomoa kila kitu hujitesa bure.

Mkulima wa Kifipa ana mfano wa jambo hili shambani mwake. Kwa vizazi vingi, mvua zinapokaribia kwisha, wakulima wa uwanda huu wamekuwa wakikata nyasi zilizoota shambani na kuzifukia ndani ya matuta ya mviringo yanayoitwa intumba. Nyasi huoza humo, na mvua za mwaka unaofuata zinapoanza, matuta hubomolewa na kutandazwa, kisha ulezi au mahindi hupandwa juu ya rutuba hiyo. Miezi ya kulegea nayo ina cha kufukiwa kikawa mbolea. Ni nini kilianza kumrudisha mtu nyuma: mvua, safari, ugonjwa wa mtoto, rafiki wa baa, uchovu wa kazi ya usiku? Jibu la swali hilo ndilo kitu cha kwanza kinachohitajika katika mpango mpya.

Hatua za kurudi

Kosa la kawaida la mwenye kurudi ni kuanzia pale alipoachia. Moyo unakumbuka kilometa 5, lakini magoti na kano za miguu zimekwisha kuzisahau. Matokeo yake ni maumivu ya wiki nzima na kuacha kwa mara ya pili. Kipimo chepesi cha kufuata ni hiki: aliyepumzika chini ya wiki 2 aendelee, akipunguza kidogo, aliyepumzika mwezi mmoja au zaidi aanze na nusu ya alichokuwa akifanya, aliyepumzika zaidi ya miezi 3 aanze kama mgeni.

Mfano wa kufikirika ni mwalimu mwenye umri wa miaka 48, mwenye shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa, aliyekuwa akitembea dakika 45 kwa siku 5 za wiki na ameacha tangu Desemba. Mwezi Mei anarudi. Wiki ya kwanza anatembea dakika 20 kwa siku 3, katika njia tambarare. Wiki ya pili ni dakika 25 kwa siku 4, na wiki ya tatu dakika 30 kwa siku 4. Wiki ya nne anafikia dakika 30 kwa siku 5, yaani dakika 150, na hapo anakaa wiki kadhaa kabla ya kuelekea vilima vya Mbizi. Katika siku 2 za wiki anaongeza kusimama na kuketi kwenye kiti mara 10 na kusukuma ukuta kwa mikono mara 10, kisha anarudia. Kasi inayofaa ni ile inayomruhusu kuzungumza na mwenzake lakini isiyomruhusu kuimba.

Wakati wa kutembea uchaguliwe kwa kuangalia mahali. Sumbawanga ipo magharibi mwa nchi lakini hutumia saa zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo mwezi Julai jua huchomoza baada ya saa 1 asubuhi, na baridi ya alfajiri ni kali. Baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu, na huweza kuamsha pumu. Kwa wengi, jioni ndiyo wakati bora, kwa kuwa mwanga hukaa karibu hadi saa 1 usiku. Anayelazimika kutoka asubuhi avae nguo za kutosha, afunike kichwa, na aanze polepole kwa dakika 10.

Mpango wa mvua uandikwe kabla ya mvua. Anayetegemea barabara pekee atakwama Desemba. Atakayekuwa amejipangia "mvua ikinyesha saa 10 jioni, nitaruka kamba barazani dakika 10, kisha nitapanda na kushuka ngazi dakika 10" ana pa kukimbilia. Mkulima naye ajipangie miezi ya baada ya mavuno: kwenda sokoni kwa miguu, kufyatua matofali, kupanda baiskeli mahali ambapo angepanda bodaboda. Wanakwaya wa parokia wanaocheza wanapoimba tayari wana mazoezi mikononi mwao, na kikundi cha VICOBA kinachokutana kila wiki kinaweza kutembea pamoja nusu saa kabla ya kikao. Kikundi kina faida ya pekee kwa akina mama, ambao baadhi yao huona haya kuonekana wakitembea kwa kasi peke yao bila mzigo kichwani.

Chakula kirudishwe kwa hatua pia. Kuacha soda, kupunguza chumvi, kupunguza ugali na kuacha chipsi katika wiki moja ni mizigo 4 kwa bega moja. Ichaguliwe mmoja, na ukizoeleka uongezwe wa pili. Maharage, mboga za majani na samaki wa Ziwa Tanganyika wasiotiwa chumvi nyingi ni vyakula vya nyumbani na havihitaji mpango wa kigeni.

Wanaohitaji tahadhari

Mwenye maumivu ya kifua anapotembea, anayepungukiwa pumzi akiwa amelala, aliyewahi kuzimia, au ambaye shinikizo la damu linafikia 180 kwa 110, amwone daktari kabla ya kuanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi apime sukari, abebe pipi au sukari mfukoni, na asimame mara anapohisi kutetemeka, jasho la baridi au kizunguzungu. Akague miguu kila jioni na asitembee na viatu vinavyobana.

Aliyekuwa akinywa pombe nyingi kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea pombe huweza kupata mitetemeko, kuchanganyikiwa na hata degedege ndani ya siku chache, na mtu huyo anahitaji kuachishwa chini ya uangalizi wa kituo cha afya. Mwisho, kurudi kwenye mazoezi si ruhusa ya kuacha dawa. Dozi hupunguzwa na daktari baada ya vipimo.

Kazi ya mhudumu wa afya

Mgonjwa aliyepotea miezi 5 anapoingia chumbani, sentensi ya kwanza atakayoisikia huenda ikaamua kama atarudi mwezi ujao. "Mama, mbona umenenepa hivi? Si tulikuambia?" ni maneno ya kweli yanayofunga mlango. "Karibu mama, umefanya vyema kurudi" huufungua. Baada ya hapo maswali 3 hutosha: Ulipokuwa ukiendelea vizuri, nini kilikusaidia? Nini kilibadilika? Ni hatua gani ndogo unaona unaiweza kuanzia wiki hii? Mbinu ya mazungumzo ya kuamsha ari, iliyoanzishwa na William Miller mwaka 1983 na kuendelezwa pamoja na Stephen Rollnick, imejengwa juu ya msingi huo: mtu hushawishika zaidi na sababu anazozitamka mwenyewe kuliko zile anazohubiriwa.

Mambo mengine ni ya utaratibu. Kwanza, kliniki za Oktoba zitumike kupanga mpango wa mvua kwa watu wa mjini, na za Juni kupanga mpango wa baada ya mavuno kwa wakulima. Pili, anayekwenda kulima mbali aulizwe mapema, ili apewe dawa za kumtosha au aelekezwe zahanati iliyo karibu na shamba. Tatu, kadi ya mgonjwa iwe na mstari wa kuandika dakika za mwendo kwa wiki, chini ya shinikizo la damu na uzito, ili ziara ambayo uzito haujashuka iwe bado na jambo la kupongezwa. Nne, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe majina ya waliokosa kliniki mara mbili, awatembelee kwa heshima na bila kutangaza ugonjwa wao kwa majirani.

Kwa msomaji aliyelegea na bado anasitasita, hatua ya leo ni fupi: kuandika kilichomrudisha nyuma, kuchagua saa moja ya siku, na kutembea dakika 10 kwenda na 10 kurudi. Kama tarehe yake ya kliniki imepita, aende hata hivyo, na aende na kadi yake ileile ya zamani.